Mkuu Kamili wa Divisheni ya Tatu

Nchi yetu ilikuwa vitani na jirani yake kwa sababu ya mvua. Redio ya jirani, katika taarifa yake ya hali ya hewa, ilitangaza kwamba mvua ingenyesha pande zote mbili za mpaka. Serikali yetu ikajibu kwamba mvua ya upande wetu ni mambo yetu ya ndani. Wao hawakuomba radhi, na mvua ikanyesha kama walivyosema, jambo lililohesabiwa kuwa uchokozi wa pili. Hapo vita vikaanza. Jina la nchi silitaji, si kwa woga, bali kwa kuwa wakati huo lilikuwa bungeni likifanyiwa marekebisho.

Mimi nilikuwa kapteni Makao Makuu ya Jeshi, katika chumba cha simu ya upepo. Kazi yangu ilikuwa kuvisikiliza vita na kuwaeleza wakubwa kwa lugha ya adabu. Mtu wa mstari wa mbele akisema "tunakufa", mimi nilipeleka juu kwamba hali ni ya kuridhisha ila zipo changamoto. Niliifanya kazi hiyo vizuri. Mwanzoni usingizi ulinipotea kidogo, baadaye ukarudi wenyewe.

Siku aliyokufa mkuu wa Divisheni ya Tatu, Meja Jenerali Chambi Rutagwa, nilikuwa zamu. Divisheni hiyo ilikuwa bondeni, ng'ambo ya mto, mahali ambapo ramani zetu zilipaita Bonde la Ushindi na askari walipaita Sufuria. Jenerali alikuwa amepanda juu ya kifaru na kipaza sauti mkononi ili awape askari moyo. Akasema, "Adui hatatufikia kamwe." Alipomaliza neno kamwe, kombora likamfikia. Redio ya Taifa ilitangaza kwamba amefariki ghafla akiwa kazini, na kwamba msiba usiwe na makelele.

Aliyenipa habari hiyo ni msaidizi wake, Kanali Nyamizi Kalunde. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye sauti ya chini isiyobadilika, kama mtu anayesoma bei za mazao.

"Makao Makuu, mkuu wetu ameondoka," alisema. "Nimeshika mimi. Jamaa wanapandisha mizinga kilimani. Wakimaliza, watatupiga kama kuku ndani ya tenga. Naomba ruhusa turudi ng'ambo ya mto kabla hawajamaliza."

Nikapeleka maneno yake juu. Yakarudi na jibu kwamba Kanali Nyamizi ni kaimu, na kwa sheria ya jeshi letu kaimu anaruhusiwa kulinda ila haruhusiwi kusogea. Kwenda mbele ni sera ya taifa, kurudi nyuma ni aibu ya taifa, na vyote viwili vinahitaji mkuu kamili.

Nilimsomea mpaka mwisho.

"Basi nileteeni huyo mkuu kamili," alisema. "Mleteni yeyote. Hata mwenye homa."

"Kamati ya Uteuzi imeshaitishwa, afande," nikamjibu. "Kuweni na subira."

"Subira tunayo. Mawe ndiyo hatuna, udongo wote huku ni mchanga. Mahandaki yanajifukia yenyewe."

Hiyo ya mawe sikuipeleka juu. Niliona ingewachanganya.

*

Kamati ya Uteuzi ilikutana katika ukumbi wenye zulia jekundu, na mimi nikatakiwa niwe karibu, nyuma ya kiti cha mwenyekiti, ili habari za bondeni zikija ziwahi kupuuzwa. Mwenyekiti alikuwa Waziri wa Ushindi, Mheshimiwa Kondo Mang'enya, mtu mnene mwenye macho ya huruma. Wizara ya Ulinzi tuliwahi kuwa nayo, ila ilivunjwa kwa kuwa jina lake lilionyesha hofu. Mkono wa kulia wa Waziri alikaa Mwanasheria wa Jeshi, Brigedia Yoeli Shimbe, mwembamba, ambaye kila alipotaka kusema alisafisha miwani kwanza.

Waziri alifungua kikao kwa hotuba. Alisema nafasi ya mkuu wa divisheni ni kama nafasi ya jino: likitoka, ulimi hauachi kwenda pale. Wajumbe wakapiga makofi. Akasema tunamtaka mzalendo, mnyenyekevu, mwenye mabega.

"Mabega mapana," akaongezea Mwanasheria wa Jeshi.

"Mapana sana," Waziri akakubali, na wote wakainamisha vichwa kama watu waliotajiwa marehemu.

Mjumbe mmoja aliyekuwa mgeni katika kamati aliuliza kwa nini asithibitishwe huyo kaimu aliyepo, kwani askari wanamsikiliza. Waziri akamtazama kwa upole.

"Ndugu yangu, umelijibu swali lako mwenyewe," alisema. "Mtu anayesikilizwa na divisheni nzima, kesho atataka kusikilizwa na nani?"

Mjumbe yule hakuuliza tena. Kikao kilichofuata kiti chake kilikuwa kimeondolewa, hata alama za miguu ya kiti kwenye zulia zilikuwa zimepigwa brashi.

Wa kwanza kuitwa alikuwa Brigedia Lubigisa, aliyewahi kumshinda adui kule kaskazini. Aliingia kifua mbele.

"Ulipomshinda adui," Mwanasheria wa Jeshi alimwuliza, "ulishinda kwa ruhusa ya nani?"

"Hali iliruhusu, afande."

"Hali si mamlaka, Brigedia."

Wakamshukuru, wakamteua balozi katika kisiwa ambacho, nilivyosikia baadaye, maji yakijaa huwa hakipo.

Wa pili alikuwa Brigedia Doto Mwinchumu, kijana mzuri, mrefu, buti zake ungeweza kujitazamia. Alijibu kila swali kwa kusema "kama Mlezi wa Taifa anavyotuongoza", maana ndivyo rais wetu alivyopenda kuitwa. Nilidhani kazi imekwisha. Lakini Mwanasheria wa Jeshi akasafisha miwani.

"Una ndugu serikalini, Brigedia?"

"Ninao, afande. Dada yangu yuko Ikulu. Mjomba yuko Hazina. Baba mkwe ndiye Jaji Mkuu."

Wajumbe wakatazamana kwa masikitiko.

"Huyu ana watu," Mwanasheria akamnong'oneza Waziri.

"Ana watu," Waziri akasema, kama daktari anayesema mgonjwa ana maji kwenye mapafu. Wakampa Brigedia Doto likizo ya kupumzisha mgongo, ingawa mgongo wenyewe ulikuwa umenyooka kama mlingoti.

Wakati huohuo niliitwa kwenye simu ya upepo. Kanali Nyamizi alisema mizinga ya kwanza imeanza kupiga, kombania ya kushoto haiitiki.

"Kamati inakaa, afande."

"Inakaa mpaka lini?"

"Kwa sasa imeahirishwa kwa chai."

Nilisikia mlio mzito, kisha sauti yake ileile ya bei za mazao. "Sawa. Wakimaliza chai waambie kombania ya kushoto wasiihesabu."

Nilirudi ukumbini nikakuta sambusa zinapitishwa. Nikamwambia Waziri kwamba upande wa kushoto umepungukiwa. Akaniambia nile, nimekonda.

*

Mkuu kamili alipatikana kwa njia hii. Baada ya chai, mlango uligongwa na akaingia mzee mmoja mfupi mwenye mashavu yaliyolegea kwa kupuliza tarumbeta miaka yote. Alikuwa Luteni Kanali Damasi Chilewa, kiongozi wa bendi ya jeshi. Hakuitwa. Alikuja kuuliza wimbo gani upigwe siku ya kumwapisha huyo mkuu mpya, kwani vijana walihitaji muda wa mazoezi.

Waziri alimtazama. Mwanasheria wa Jeshi akatoa miwani, akaisafisha, akaivaa tena, naye akamtazama.

"Kanali Chilewa," alisema taratibu, "wewe una ndugu serikalini?"

"Hapana, afande."

"Mkweo?"

"Marehemu. Alikuwa mwashi."

"Watoto?"

"Binti mmoja, Edina, ameolewa mbali. Nyumbani niko na mke wangu, na bata."

"Bata," Mwanasheria akarudia, akageuka kwa Waziri. "Hana watu."

"Kanali," Waziri akauliza, na sauti yake ilijaa mapenzi ya kweli, "umewahi kushinda vita?"

"Sijawahi kupigana, Mheshimiwa. Mimi ni wa muziki."

"Umewahi kukataa amri?"

"Ningeikataaje, Mheshimiwa? Mimi huambiwa nipige wimbo, napiga."

Waziri alisimama, akazunguka meza, akamkumbatia mzee yule mpaka kofia ikamdondoka. Hapohapo akapandishwa vyeo, kimoja baada ya kingine, wajumbe wakipiga makofi kwa kila kimoja, mpaka akawa Meja Jenerali. Alikuwa ameshika kofia yake kwa mikono miwili. Wakati anatoka alinigeukia mimi, kwa kuwa nilikuwa karibu na mlango, akaniuliza kwa sauti ndogo, "Kapteni, kwa hiyo wimbo upi?"

Niliamriwa nimsindikize bondeni na nibaki huko, niwe sikio la Makao Makuu. Kwa hiyo nilikwenda kumchukua nyumbani kwake. Mke wake, Mama Skolastika, alikuwa uani akiwatupia bata pumba. Alikuwa amekwisha kusikia habari redioni. Alimtazama mumewe ndani ya sare mpya, iliyomzidi mabega.

"Baba Edina," alisema, "wamekupa cheo au wamekupa kesi?"

"Cheo, mama. Si unaona?"

"Naona." Akamkaribia, akamkunja mkono wa koti ulioficha vidole. "Jeshi zima lina majenerali hata wa kuuza, halafu wakuchague wewe? Hukujiuliza?"

"Nilijiuliza," Mzee Damasi alisema. "Ila pale nilipojiuliza hapakuwa na mtu wa kumwuliza."

Mama Skolastika hakulia. Alinigeukia akaniuliza kama nimekula. Nikasema ndiyo, ingawa sijui kwa nini nilisema hivyo.

*

Tulivuka mto kwa miguu, kwenye daraja la mbao lililoning'inia kwa nyaya, maana daraja la zege lilikwisha kuanguka. Upande wa pili, Kanali Nyamizi alikuwa akitungoja ndani ya handaki lililoezekwa kwa mlango wa lori. Alipiga saluti. Kisha, alipoziona mvi za mzee chini ya kofia, akashusha mkono.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu." Mzee Damasi alikaa juu ya sanduku la risasi, akapangusa uso. Nje, mizinga ya kilimani ilikuwa ikipiga bila haraka. Kwa kila mlio, mchanga ulimwagika kutoka darini juu ya mabega yetu, na hakuna aliyejipangusa. "Wamesema wewe unajua kila kitu hapa. Mimi sijui kitu. Niambie nifanye nini."

"Kuna neno moja tu nililokuwa nalingoja, Mzee. Useme 'rudini'. Mengine yote nitayafanya mimi."

"Neno moja."

"Moja. Mimi nikilisema si amri. Wakuu wa vikosi wanaijua sheria, wanaogopa familia zao kunyang'anywa nyumba. Wewe ukilisema, wamekingwa."

Mzee alivua kofia. Alikuwa mtu wa muziki lakini si mjinga.

"Na mimi nikilisema, nani ananikinga?"

Kanali Nyamizi alimtazama usoni. Nilidhani atasema uongo, maana hata mimi ningesema.

"Hakuna, Mzee," alisema. "Nadhani ndiyo maana wamekuleta. Sijui watakufanya nini. Najua tu yatakayotupata sisi usiposema."

"Ngoja niwaone kwanza," alisema mzee.

Akatoka, nami nikamfuata. Tulipita handaki hadi handaki. Askari hawakusimama kupiga saluti, hawakuwa wameambiwa kwamba huyo ni jenerali, na hata wangeambiwa nadhani wasingesimama. Walikuwa wamekaa migongo ikiegemea mchanga, macho wazi. Mmoja alikuwa akichana nywele za mwenzake kwa kichana cha plastiki, polepole, na ilinichukua muda kugundua kwamba yule anayechanwa amekufa. Mzee Damasi alichuchumaa mbele yao.

"Huyu ni nani wako, kijana?"

"Wa kijijini kwetu," askari alisema. "Alitaka awe nadhifu. Alisema kuna mkuu mpya anakuja."

Mzee alibaki amechuchumaa pale mpaka nikadhani magoti yamemgoma. Nikamshika mkono kumwinua. Hatukuendelea mbele. Alirudi moja kwa moja kwa Kanali Nyamizi akasema, bila hata kukaa, "Rudini."

"Ni amri, Mzee?"

"Ni amri. Na huyu Kapteni amesikia. Rudini."

Kanali Nyamizi alifunga macho mara moja, kama mtu aliyetuliwa mzigo kichwani, kisha akaanza kazi.

*

Divisheni ya Tatu ilivuka siku iliyofuata, tangu jua linachomoza mpaka linaelekea magharibi. Kombania moja ilibaki kilima cha chini kuwashughulisha jamaa wa mizinga. Hiyo haikuvuka. Waliochaguliwa kubaki walisema sawa, kama watu walioambiwa zamu yao ya kupika imefika.

Tatizo lilikuwa lile daraja. Askari wengi wakilipita kwa mwendo mmoja, kushoto kulia, linaanza kuyumba, na likiyumba sana nyaya zinakatika. Kila askari amefundishwa hivyo. Lakini mtu aliyechoka sana miguu yake hurudi kwenye mazoea, na ya watu hao ilirudi kwenye gwaride. Kikosi cha kwanza kilipofika katikati, mbao zilikuwa zinapanda na kushuka kama kifua cha mtu anayehema.

Ndipo Mzee Damasi akaenda kusimama kwenye mdomo wa daraja. Hakukimbia. Mtu aliyetumia maisha yake kuwafanya watu waende pamoja alisimama pale akiwaomba wasiende pamoja.

"Vunjeni mwendo, wanangu," alikuwa akisema. "Hapa hakuna mapigo. Kila mtu na mguu wake. Wewe nenda pole. Wewe mbele, harakisha. Msisikilizane. Hivyohivyo. Vibaya zaidi. Vizuri."

Alisema hivyo kwa kila kundi mpaka sauti ikamkauka, kisha akaendelea kwa mikono. Vikosi vilipita mbele yake ovyoovyo, kama watu wanaotoka sokoni, na daraja likakaa. Majeruhi walipita juu ya machela. Kanali Nyamizi alipita mwisho. Alimshika mzee mkono wakavuka wote, kila mtu na mguu wake, nami nyuma yao nikiwa nimebeba simu ya upepo iliyokuwa ikiita tangu asubuhi.

Nilipoipokea, ilikuwa sauti ya Makao Makuu. Iliuliza kama mkuu mpya amefika salama na kama amefurahia mapokezi.

*

Kesi iliendeshwa katika ukumbi uleule wenye zulia jekundu. Mzee Damasi alishtakiwa kwa kuliacha Bonde la Ushindi, na kwa kosa la pili, kuvunja makusudi mwendo wa jeshi mbele ya adui. Mwendesha mashtaka alikuwa Brigedia Shimbe, na kwa kuwa jaji alikuwa na mafua, yeye pia alimsaidia jaji kufikiri.

Waziri wa Ushindi alikuja kutoa maelezo ya serikali. Alilia kidogo. "Taifa letu halijawahi kushindwa na haliwezi kushindwa," alisema. "Taifa halina mwili wa kushindwa. Anayeshindwa ni mtu. Na mtu huyo lazima awe na jina, cheo kamili, na mahali pa kusimama." Akamwonyesha mzee mahali aliposimama.

Kanali Nyamizi aliitwa kama shahidi. Hakungoja kuulizwa.

"Mimi ndiye niliyetaka turudi," alisema. "Niliomba kabla Mzee hajateuliwa. Nilimwambia maneno ya kusema. Mipango yote ya kuvuka ni yangu. Kama ni kosa, ni la kwangu."

Brigedia Shimbe akatoa miwani yake.

"Kanali, siku uliyoomba ulikuwa na cheo gani katika divisheni?"

"Kaimu."

"Maneno ya kaimu kisheria yanaitwaje?"

Brigedia hakumngoja ajibu.

"Yanaitwa maoni," Brigedia akajijibu, akaivaa tena miwani. "Nchi hii inaheshimu uhuru wa maoni. Hakuna mtu atakayeshtakiwa kwa kutoa maoni yake wakati mimi niko hai. Uko huru, Kanali. Tena hongera."

Watu wakapiga makofi kwa uhuru wa maoni. Wakati makofi yakiendelea, jaji alipiga chafya, akasoma hukumu. Nilikuwa karibu na kizimba nikawasikia wale wawili.

"Nisamehe, Mzee."

"Umefanya nini wewe?" Mzee Damasi alisema. "Wote walivuka?"

"Wengi, Mzee."

"Wengi," alirudia, kana kwamba anaonja neno hilo. "Basi. Ukipata nafasi, mfikie Mama Edina. Usimweleze mengi. Atakuuliza kama umekula. Mwambie bado, ili apate kitu cha kufanya."

Walimpiga risasi asubuhi iliyofuata nyuma ya karakana ya magari. Redio ya Taifa ilisema Meja Jenerali Chilewa amestaafishwa kwa manufaa ya umma. Kanali Nyamizi alikwenda kwa Mama Skolastika, mimi nikiendesha gari. Hakuna aliyeeleza lolote. Tulikula ugali na bata mmoja, tukanawa, tukaondoka. Mama alisimama mlangoni akashika nguzo, akatutazama mpaka kona.

*

Mlezi wa Taifa alikuwa na sikukuu ya kuzaliwa inayokaribia na alitaka kulitembelea Bonde la Ushindi. Kamati ilikuwa imechoka. Kwa hiyo Waziri alimwita Kanali Nyamizi, akamthibitisha kuwa mkuu kamili wa Divisheni ya Tatu, akampa amri: divisheni ivuke mto tena, irudi bondeni, ilishike. Alimwambia taifa zima linamtazama. Kanali Nyamizi aliuliza kitu kimoja tu.

"Sasa mimi ni kamili, Mheshimiwa?"

"Kamili kabisa, Meja Jenerali."

"Nikisema neno, ni amri?"

"Ni amri kama radi!"

Akapiga saluti. Mimi nilimwendesha mpaka mtoni. Tulifika jua likiwa kali. Divisheni ilikuwa imelala kando ya mto kama ilivyotupwa, watu wamejipanga kwenye kivuli kidogo cha vichaka, silaha mapajani, wakiwa wamevaa kila kitu tayari, maana tetesi za kuvuka zilikuwa zimetangulia. Ng'ambo, mizinga ilikuwa bado kilimani. Ilionekana vizuri. Wala haikufichwa.

Sajini mmoja, baba mtu mzima mwenye bandeji sikioni, aliinuka akaja.

"Tunavuka, afande?"

"Hatuvuki," Nyamizi alisema.

Sajini alisubiri amalizie. Sisi sote tulikuwa tumezoea sentensi zinazoendelea.

"Leo hatuvuki, au?"

"Hatuvuki. Ni amri. Waambie wote."

Sajini aligeuka akawaambia. Hakuna aliyeshangilia. Habari ilipita kando ya mto kutoka kichaka hadi kichaka, na kila ilipopita watu walibaki vilevile, kama hawakusikia. Kisha askari mmoja, kutoka mahali alipokuwa amekaa, akauliza kwa sauti ya kawaida:

"Basi tunaweza kuvua buti?"

Mkuu wa Divisheni ya Tatu alifikiri kidogo.

"Vueni," alisema.

Wakaanza kuvua. Ilichukua muda, kamba zilikuwa zimegandamana kwa matope na watu walilazimika kusaidiana, mmoja akishika kisigino, mwingine akivuta. Soksi nyingine zilitoka na ngozi. Harufu ilikuwa mbaya. Nyamizi alikaa chini kati yao, mgongo kwa barabara ambako gari la kumchukua lingetokea, akaanza kufungua za kwake. Simu ya upepo mgongoni mwangu ikalia. Ilikuwa Makao Makuu, wakiuliza tumefika wapi. Niliishusha, nikaiweka juu ya majani isiumie, nikakaa, nikamwomba sajini anisaidie ya kushoto, maana ndiyo iliyokuwa imenibana.